Nani Anamimina?

Kila ninaposimama mbele ya picha ya kilabu cha pombe iliyochorwa Uholanzi katika karne ya 17, jicho langu huanza kumtafuta anayemimina. Walevi nitawaona baadaye. Ni mazoea niliyokua nayo: mama yangu alipika mbege, pombe ya ndizi, na kuiuza nyumbani, Uchaggani, miaka yote niliyokuwa shuleni, na kazi yangu ya jioni ilikuwa kukaa karibu na pipa nikihesabu kata zinazotoka. Mtoto aliyelelewa upande huo wa pipa hakioni kilabu kama mteja anavyokiona. Anajua nani ameshalipa, nani anajisahaulisha, nani atalala palepale kwenye benchi, na nani ataanzisha ugomvi kabla taa haijawashwa.

Nilikwenda Uholanzi kusoma, na Jumapili moja ya mvua niliingia makumbusho ya Mauritshuis mjini The Hague ili nimwone yule msichana mwenye hereni ya lulu. Nilimwona, nikampa heshima yake. Nikiwa natafuta njia ya kutokea, nikapita mbele ya ubao mdogo uliochorwa na Adriaen van Ostade mwaka 1662: wakulima wako kilabuni. Sikuondoka hapo mpaka walipotangaza kwamba wanafunga.

Kilichonishika ni namna watu walivyokaa. Mtu anayekunywa baada ya kutwa nzima shambani hukaa kwa namna yake: mgongo umelegea, miguu imetupwa mbele, mkono mmoja umesahauliwa juu ya goti. Kiti ni kifupi, au ni pipa lililopinduliwa. Moto uko karibu. Hakuna anayefanya jambo la maana, na kila mmoja ana sababu ya kuwa pale. Nilikuwa nimeishi Ulaya miezi saba nikiona watu wanakunywa wamekaa wima kwenye viti virefu, na hapo, ndani ya picha yenye umri wa miaka zaidi ya 350, nikawaona wateja wa mama.

Ostade alizaliwa Haarlem mwaka 1610, mtoto wa mfumaji, akafa mji huohuo mwaka 1685. Picha zake za ujanani, za miaka ya 1630, zina giza: banda bovu, wanaume wenye nyuso za kuvimba, visu vimechomolewa, kigoda kimeinuliwa hewani. Za uzeeni zimetulia. Mwanga unaingia kwa dirisha la pembeni, mbwa amelala, watoto wako miguuni mwa wakubwa. Katika picha moja ya mwaka 1673, nayo iko Mauritshuis, mpiga fidla amesimama nje ya kilabu na watu wa kila rika wanamsikiliza. Wanaoandika juu yake huyaeleza mabadiliko haya kwa wanunuzi: mji ulitajirika, wenye fedha wakataka picha za upole. Sikatai. Lakini kwangu mimi zile ni saa mbili za kilabu kimoja. Kilabu cha saa kumi jioni ni mahali pa habari, pa bei ya kahawa, pa kuulizana mtoto wa fulani amepona au la, na watoto wanaruhusiwa kupita. Kilabu cha saa nne usiku ni kingine, na mama alijitahidi kila siku hicho cha pili kisifike. Ostade alianza na saa nne usiku akarudi kwenye saa kumi jioni, nami namshukuru kwa kurudi.

Bia wakati ule haikuwa starehe peke yake. Maji ya mifereji ya miji ya Uholanzi yalikuwa machafu, na bia nyepesi ilinywewa mezani kila siku. Wapika bia wa Haarlem walifuata maji safi kwenye machuguu ya mchanga karibu na bahari, wakayaleta kwa mashua kupitia mfereji ambao mpaka leo unaitwa Brouwersvaart, Mfereji wa Wapika Bia. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mama, ambaye hakukubali maji ya saa yoyote tu. Tulitumwa kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, alfajiri, kabla ng'ombe na wafuaji hawajayavuruga, na tukirudi aliyaangalia ndani ya ndoo kwanza ndipo aturuhusu kuyamimina.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia wachoraji hawa walitoka nyumba za namna gani, na nikakuta jambo ambalo sioni likipewa uzito wake: wengi walitoka upande wetu wa pipa.

Jan Steen, aliyezaliwa Leiden mwaka 1626, alikuwa mtoto wa mpika bia. Judith Leyster, aliyezaliwa Haarlem mwaka 1609, jina lake la ukoo linatokana na kiwanda cha bia ambacho baba yake alikinunua, kiwanda kilichoitwa jina la nyota inayoongoza mabaharia; ndiyo maana alitia sahihi picha zake kwa herufi zake pamoja na nyota ndogo. Johannes Vermeer, ambaye tunamjua kwa vyumba vyake vya kimya, alikulia kwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Mechelen, pale uwanja wa soko wa Delft, iliyonunuliwa na baba yake mwaka 1641. Chini watu wakinywa, na baba huyohuyo akifanya pia biashara ya picha. Adriaen Brouwer, wa Oudenaarde katika Ubelgiji ya leo, ana jina tu: brouwer kwa Kiholanzi ni mpika bia, ingawa baba yake alikuwa akichora vielelezo vya mazulia ya ukutani. Yeye upande wa pipa aliujua kwa kukaa mbele yake.

Brouwer ndiye aliyewafungulia wengine mlango. Alizaliwa yapata mwaka 1605, akafanya kazi Amsterdam na Haarlem, akahamia Antwerp alikopokelewa katika chama cha wachoraji cha Mtakatifu Luka, akafungwa kwenye ngome ya Antwerp mwaka 1633, akafa mwaka 1638 akiwa na miaka thelathini na kidogo. Madeni yalimfuata popote. Ngome ile ilikuwa na mwoka mikate, Joos van Craesbeeck, ambaye akaja kuwa mchoraji wa vilabu kwa mtindo wa Brouwer; nimekaa nikiwaza mazungumzo ya mtu aliyeoka mikate na mtu aliyeila. Picha za Brouwer ni vibao vidogo ambavyo vingi unaweza kuvibeba kwapani, na kila kimoja kina uso usioweza kuusahau: mtu anayekunja uso kwa dawa chungu, mtu aliyepigwa mtungi kichwani, mtu aliyelala mdomo wazi. Rubens, mchoraji tajiri na balozi, alikuwa na picha 17 za Brouwer. Rembrandt naye alikuwa nazo, na zilihesabiwa pamoja na mali yake alipofilisika mwaka 1656.

Kwa muda mrefu nilikuwa na kinyongo na Brouwer. Niliona watu wa mjini wakinunua nyuso za wakulima ili wazicheke, na baba zangu walikuwa wakulima. Kinyongo kilipungua nilipoisoma vizuri picha yake ya wavutaji iliyoko makumbusho ya Metropolitan, New York, ya yapata mwaka 1636. Wanaume wamezunguka meza duni. Mmoja ameziba tundu moja la pua kwa kidole, moshi utokee jingine. Wa katikati amegeuka kututazama, macho yamemtoka, mdomo uko wazi na moshi unachomoza. Huyo wa katikati ni Brouwer mwenyewe, na waliomzunguka ni wachoraji wenzake, akiwamo Jan Davidsz. de Heem, bingwa wa kuchora maua na matunda mezani. Alipotaka kuonyesha mtu aliyetekwa na starehe, alijitoa yeye na marafiki zake.

Kuhusu moshi huo kuna mawili ya kusema. Kiholanzi cha wakati ule kilisema mtu "anakunywa" tumbaku, maana kitendo kilikuwa kigeni na neno lake lilikuwa halijatulia. Msomaji wa Lubumbashi hatashangaa, kwa kuwa Kiswahili cha huko nacho husema kunywa tumbaku. La pili ni zito zaidi. Sehemu ya tumbaku ile ililimwa Uholanzi kwenyewe, kandokando ya Amersfoort, na nyingine ilivuka Atlantiki kutoka Virginia na kwingineko Marekani, ambako kadiri karne ilivyosonga ilizidi kulimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Ndani ya picha hakuna dalili yao. Mimi siwezi kuutazama moshi ule bila kuwafikiria.

Ukipita stesheni ya metro ya Rokin, Amsterdam, simama kati ya ngazi za umeme. Walipochimba njia ile walitoa kwenye tope la mto Amstel karibu vitu 700,000, na vingine vimepangwa pale ndani ya vioo. Humo kuna viko vya tumbaku vya udongo mweupe, vya aina ileile unayoiona vimevunjika sakafuni katika picha za Steen. Kiko cha udongo hakidumu; kikikatika unakitupa, unanunua kingine. Nilipokuwa nikiishi karibu na hapo nilivipita karibu kila siku, na vilinisaidia kuamini sakafu za Steen: maganda ya mayai, karata, vipande vya viko, mtungi umeanguka. Watu husema aliongeza chumvi. Ningewaalika waje kufagia kilabu asubuhi ya Jumatatu.

Sasa nifike kwenye chaki, kwa sababu chaki ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Mlango wa jiko letu, upande wa ndani, ulikuwa daftari. Kila mteja wa kukopa alikuwa na eneo lake, na kata aliyoinywa ilikuwa mstari mmoja wa mkaa. Mstari wa tano ukikatiza minne. Kulikuwa na meku mmoja, yaani mzee, mkulima wa kahawa, ambaye mistari yake ilianzia juu usawa wa macho ya mama na kushuka mpaka karibu na kizingiti, mwezi baada ya mwezi, mpaka fedha za kahawa zilipotoka. Siku ya kulipa, mama alichukua kitambaa kibichi akafuta mbele yake, taratibu, kuanzia chini kupanda juu, naye akisimama amevua kofia. Hakuna aliyesema neno. Nimeona hati nyingi za malipo maishani, na sijaona iliyo na heshima kama ile.

Kiholanzi kimejaa mlango ule. Mtu mwenye deni husemwa mpaka leo kwamba "yuko kwenye chaki", in het krijt staan, kwa sababu mwenye kilabu aliandika madeni kwa chaki kwenye kibao. Kabla ya kibao kulikuwa na kijiti, kerfstok, kilichokatwa alama kwa kisu kwa kila deni. Leo mtu mwenye "kitu kwenye kijiti chake" ni mtu aliyefanya kosa. Lugha ilianza na deni la pombe ikaishia kwenye dhambi. Vibao hivi vimo ndani ya picha, vimetundikwa au vimeegemezwa mahali, na mtazamaji huvipita kama vyombo vingine. Nikikiona kimoja, najua picha nzima inaongozwa kutoka hapo.

Chaki hiyohiyo iliendesha jambo kubwa kuliko pombe. Majira ya baridi ya 1636 kuingia 1637, wanunuzi wa tulipu, maua yanayoota kwa vitunguu, walikutana vyumbani kwenye vilabu vya Haarlem na miji mingine. Njia moja ya kununua ilikuwa hii: muuzaji na mnunuzi walipewa visahani vya mbao, wakaandika bei kwa chaki, waamuzi wakatafuta ya katikati, aliyekubali aliacha alama, aliyekataa aliifuta. Kila biashara iliyofungwa ilitozwa kiasi kidogo cha fedha za mvinyo, na mvinyo ukanywewa palepale. Wiki ya kwanza ya Februari 1637, Haarlem, wanunuzi hawakujitokeza tena na bei ikaanguka. Vitunguu vya maua vilivyouzwa vilikuwa ardhini, hakuna aliyekuwa amevishika. Jan van Goyen, mchoraji wa mito na mawingu, alinunua tulipu siku za mwishomwisho kabisa, sehemu ya malipo ikiwa picha zake, na alikufa mwaka 1656 akiwa na madeni. Bintiye Margriet alikuwa ameolewa na Jan Steen.

Kwa hiyo Steen alikuwa mtoto wa mpika bia, mkwe wa mtu aliyeangushwa na biashara ya vilabuni. Mwaka 1654 baba yake alimkodia kiwanda cha bia Delft. Wakati ulikuwa mbaya: vita na Uingereza vilikuwa vimetoka kukausha mifuko ya watu, upishi wa bia wa Delft ulikuwa umeshuka siku nyingi, na tarehe 12 Oktoba mwaka huohuo ghala la baruti lililipuka na kubomoa sehemu kubwa ya mji. Kufikia 1657 kiwanda kilikuwa kimemshinda.

Arnold Houbraken, aliyeandika maisha ya wachoraji mwanzoni mwa karne ya 18, anasimulia kwamba Margriet alimlalamikia mumewe kuwa kiwanda hakina uhai. Steen akaenda sokoni, akanunua bata hai, akawatia kwenye sufuria kuu ya kupikia, bata wakaruka chumba kizima, naye akamuuliza mkewe kama sasa uhai umeingia. Hadithi hii inapendwa na kila anayeandika juu ya Steen. Mimi inaniuma. Nyuma yake namwona mwanamke anayejua hesabu, anayeona kimea kimelala ghalani na wateja hawaji, na anayejibiwa kwa mchezo. Houbraken huyohuyo ndiye aliyemwacha Steen na sifa ya ulevi, kana kwamba picha zinazozidi 300 zilichorwa na mtu asiyeamka mapema.

Hati zilizobaki zinaeleza habari nyingine. Margriet alifariki mwaka 1669. Mwaka uliofuata muuza dawa mmoja alikamata picha za Steen kwa sababu ya deni la dawa za mkewe. Mwaka 1672 majeshi ya Ufaransa yaliingia, Uingereza ikashambulia baharini, na mwaka huo Waholanzi wanauita mpaka leo Mwaka wa Maafa. Nani angenunua picha? Steen, mwenye miaka 46, aliomba kibali Leiden akafungua kilabu nyumbani kwake. Akaoa tena, mjane wa muuza vitabu ambaye Houbraken anasema aliuza sokoni vichwa na miguu ya kondoo ya kuchemsha. Nikiisoma orodha hiyo, bia chumbani na supu ya makongoro sokoni, naona kaya inayohangaika kama kaya nyingi ninazozijua, na sioni hata chembe ya uvivu.

Waholanzi nyumba iliyovurugika huiita "nyumba ya Jan Steen". Ukitazama picha zake kwa makini, kila kitu kilichovurugika kimewekwa mahali pake kwa hesabu kali. Iliyo maarufu zaidi Mauritshuis ni ile ya methali isemayo kama wazee waimbavyo, ndivyo vijana wapigavyo filimbi. Bibi anasoma wimbo kwenye karatasi, mwanamke ananyoosha glasi yake ijazwe, na baba mwenye kicheko anamfundisha mwanawe kuvuta kiko, kwa kuwa neno la Kiholanzi la kupiga filimbi na la kuvuta kiko linakaribiana. Sisi tungesema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Baba huyo ni Steen mwenyewe, kajichora akifanya kosa lile analolionyesha. Nyingine, iliyoko makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, ina mume na mke waliokwisha kulewa huku nyuma yao wezi wakikusanya vitu. Ukutani kuna karatasi yenye picha ya bundi pamoja na mshumaa na miwani, na maneno ya kuuliza mshumaa na miwani vina faida gani ikiwa bundi hataki kuona. Kwetu ni sikio la kufa halisikii dawa.

Hapa ndipo wataalamu walipogawanyika. Mwaka 1976 Rijksmuseum iliandaa maonyesho makubwa yaliyoongozwa na mawazo ya Eddy de Jongh, aliyeonyesha kwamba vitu katika picha hizi, ganda la yai, chaza, kiko, vilibeba mafundisho ambayo watu wa wakati ule waliyajua kutoka vitabu vya methali na picha. Miaka michache baadaye Svetlana Alpers akajibu kwamba tunahubiri mno, kwamba sanaa ya Waholanzi ilikuwa furaha ya kuuona ulimwengu na kuuweka wazi. Nimewasoma wote wawili kwa manufaa, na bado naona swali linaulizwa kwa sauti ya mteja: picha inanikaripia au inanifurahisha?

Mama yangu aliuza pombe na aliwaonya wanywaji kwa mdomo uleule, jioni ileile. Alimwambia mtu, "Baba, hii ni ya mwisho, nenda kwa watoto," akiwa ameshika kata mkononi, na kesho yake alimpokea kwa furaha ya kweli. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye kata hizo. Alijua vizuri kuliko padri yeyote pombe inafanya nini kwenye nyumba, kwa kuwa wake za wanywaji walikuja kwake mchana kumwomba asiwauzie waume zao, na mara nyingine aliwasikiliza. Mtu wa namna hiyo hachagui kati ya fundisho na furaha, maana yote mawili yanamlipia kodi. Nadhani Steen alichora kutoka mahali hapo. Ndiyo maana anaweza kucheka na kuonya kwenye ubao mmoja, uso ukiwa wake mwenyewe, na kicheko chake hakina sumu.

Walionunua picha hizi baadaye hawakuvumilia mawili kwa pamoja. Leyster alichora vijana wawili usiku, mmoja akimalizia mtungi mpaka tone la mwisho, na kati yao mifupa ya mtu ikiwaletea shisha ya mchanga ya kupimia saa na fuvu. Mwenye picha mmoja aliifunika mifupa kwa rangi, wakabaki vijana wenye furaha tu. Picha iko Philadelphia, iliposafishwa mwaka 1993 mifupa ikarudi. Frans van Mieris wa Leiden alichora mwaka 1658 mwanamke akimmiminia mwanamume mvinyo, na nyuma mbwa wawili wakipandana, jambo lililoeleza bila kificho nyumba ile inauza nini. Mbwa nao walifichwa kwa rangi, nao wamefunuliwa. Leyster mwenyewe alifichwa: picha zake ziliuzwa kama za mchoraji Frans Hals mpaka mwaka 1893, mtaalamu wa sanaa Cornelis Hofstede de Groot alipoitambua sahihi yenye nyota kwenye picha ya wanywaji wawili iliyokuwa imenunuliwa na makumbusho ya Louvre, Paris. Binti wa kiwanda cha bia kilichofilisika, mwanachama wa chama cha wachoraji cha Haarlem tangu 1633, na ilibidi nyota yake isubiri zaidi ya karne mbili.

Na kuna Digna Baltens, mama yake Vermeer. Mumewe alifariki mwaka 1652 na yeye akaendelea kuiendesha Mechelen kwa miaka mingi. Mwanawe hakuchora vilabu vya wakulima hata kimoja. Lakini mwanamke anayemimina maziwa, aliyeko Rijksmuseum, watu huenda kumwona kwa ajili ya mwanga na ile buluu ya aproni yake, nami hutazama mikono. Wa kulia umeshika mpini, wa kushoto umekaa chini ya mtungi kuuzuia usiinamie haraka. Mikono ya nguo imekunjwa, ngozi imebadilika rangi pale jua na maji vinapofika. Mtu aliyemchora alikuwa amemtazama mwanamke akimimina kwa kipimo, siku nyingi, kwa karibu.

Mwaka jana nilimtumia mama picha moja ya Steen kwa simu. Sijafika Vienna inakotundikwa. Niliitoa kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, kubwa na safi. Ni ya mwaka 1663. Mwenye nyumba amelala mezani. Mbwa anakula pai juu ya meza, mtoto anaiba kabatini, mwingine mdogo anavuta kiko, nyani anachezea saa, nguruwe ameingia ndani. Katikati mwanamke mwenye glasi anatutazama. Juu ya vichwa vyao limetundikwa kapu lenye gongo la kiwete, linangoja. Chini, pembeni, kimeegemea kibao, na juu yake yameandikwa maneno In weelde siet toe: ukiwa kwenye neema, jihadhari. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mama kapu, nyani na kibao.

Alijibu kwa sauti baada ya nusu saa. Nilisikia kuku nyuma yake. Alisema ameikuza ile picha akaitazama yote. Kisha akauliza, "Huyo aliyelala ndiye mwenye nyumba?" Akanyamaza kidogo. "Mwamsheni, mwanangu. Pipa liko wazi, pombe yote inamwagika chini."